Chumba Kiponda au kiwanja Fuoni?

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Nina umri wa miaka 41, ni mtalaka, na nina binti wa miaka 14 anayesoma skuli ya sekondari. Tangu nilipoachika tunaishi kwa mama, Kikwajuni, pamoja na kaka yangu, mkewe na watoto wao. Kazi yangu ni kushona mikoba na mito ya kanga, nawauzia wenye maduka ya Hurumzi na mtaa wa Gizenga. Nashonea ukumbini. Kila jioni nakunja vitambaa, nafunika cherehani, nasukuma kila kitu ukutani ili watu wapate pa kulala. Sijawahi kuacha kazi mezani nikaikuta asubuhi ilivyo.

Dalali mmoja alinionesha chumba kinachouzwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Ni studio: chumba kimoja kirefu ghorofa ya pili, kama mita 7 kwa 2.8, jiko liko pembeni, na choo na bafu vimetengwa kwa ukuta wa jipsamu. Kina madirisha mawili makubwa ya mbao. Chini kuna mchoraji, ghorofa ya kwanza anakaa kijana mpiga ganuni, na jirani wa mkabala ni fundi wa kuchonga milango. Nilipoingia tu nilijua meza yangu ya kukatia itakaa wapi.

Bei ni shilingi milioni 85. Nimeweka akiba milioni 60, na 25 zilizobaki nafikiria kukopa benki. Muuzaji ni mtoto wa marehemu mwenye nyumba. Baba yao alifariki 2009, akaacha mke, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike, na wote wapo hai. Anasema waligawana kwa mdomo na chumba hiki ni chake. Karatasi aliyonionesha ni nakala tu, ina jina la baba yake. Anataka arbuni, yaani malipo ya kushikia, ya milioni 10 kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna Mtaliano anakitaka.

Kaka yangu amekasirika. Anasema nanunua hewa, na rafiki yake anauza kiwanja Fuoni kwa milioni 28, nijenge taratibu. Mimi naona anachoona aibu ni dada yake mtalaka kukaa peke yake mjini. Mama hasemi lolote, ila aliniuliza nani atampandisha zile ngazi akija kunitembelea, maana magoti yake hayamtii tena.

Ukuta wa upande wa bafu rangi imevimba na kumenyeka, muuzaji anasema ni ya kupiga upya tu. Mambo yakinishinda nitakipangisha kwa watalii. Nyumba za Mji Mkongwe hazishuki thamani, au vipi? Naomba unishauri, usiku silali.

Mwenye moyo Kiponda, Unguja

JIBU

Waalaykumu salaam dada yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye meza ya kukatia. Mtu aliyeshona miaka yote kwenye ukumbi wa watu, halafu akaona pahala ambapo kazi yake inaweza kulala mezani mpaka asubuhi, ana haki ya kukosa usingizi. Kwa hiyo sitakwambia kwamba chumba hicho ni ndoto tu. Haja yako ya pahala pako ni ya kweli.

Ila naona mambo mawili yamefungwa fundo moja. La kwanza ni pahala pa kuishi na kufanyia kazi. La pili ni wapi uiweke akiba yako yote, tena na deni juu yake. Chumba cha Kiponda kinaweza kulijibu la kwanza vizuri na la pili vibaya, na unaweza kulipata la kwanza bila kununua. Nitalirudia hilo.

Tuanze na neno la kaka yako, kwamba unanunua hewa. Hata kama alilisema kwa hasira, lina kitu ndani. Chumba cha ghorofa ya pili hakina ardhi yake. Kinasimama juu ya kuta za watu wa chini, kinafunikwa na paa la wote, na unakifikia kwa ngazi ya wote. Zanzibar ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya pamoja tangu 2010, na kwa sheria hiyo chumba kinaweza kuwa na hati yake pamoja na fungu lake katika paa, kuta na ngazi. Swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe hili: nyumba imesajiliwa kwa utaratibu huo? Kwa nakala uliyooneshwa, yaelekea bado. Basi tuangalie anachokimiliki leo hasa.

Tuchukulie marehemu hakuacha deni wala wasia, wala mrithi mwingine aliyekuwa hai siku ile, kama mzazi wake. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki, saba ya nane, kinagawanywa mafungu 8: kila mwanamme mafungu 2, kila mwanamke fungu 1. Ukiigawa nyumba nzima sehemu 64, mama yao ana 8, kila mtoto wa kiume ana 14, kila binti ana 7. Muuzaji wako ana 14 kati ya 64, haifiki hata robo, na hizo 14 zimo katika kila jiwe la nyumba: chumba chako, ngazi, paa, hata kwa yule mchoraji wa chini. Mpaka ndugu wote wagawane kwa maandishi yanayotambulika, hakuna chumba ambacho ni chake peke yake. Bibi yule mjane naye ana haki ndani ya chumba unachotaka kukilala. Na kwa fiqhi, mshirika katika mali isiyogawanywa anaweza kudai shufaa, yaani kuchukua yeye fungu linalouzwa kwa bei ile ile uliyotoa wewe. Ndugu mmoja aliyeko Muscat au London akisikia baadaye, anaweza kuja na dai hilo ukiwa umeshapiga rangi na kupanga vyombo.

Sisemi kijana huyo ni tapeli. Familia nyingi za mjini zimegawana kwa mdomo na zinaishi kwa amani miaka na miaka. Matatizo huanza pale pesa ya mtu wa nje inapoingia, kwa sababu hapo kila mrithi huuliza fungu lake liko wapi.

Kwa hiyo kabla ya arbuni yoyote, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Uliza mambo mawili: kama mirathi ya marehemu ilifunguliwa na warithi wakaorodheshwa, na kama nyumba hiyo au sehemu yake ni wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya Mungu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na wakfu hauuzwi hata warithi wote wakitia saini. Halafu nenda Kamisheni ya Ardhi uombe upekuzi wa usajili, ujue jina lililomo ni la nani na kama kuna rehani au zuio. Ipo pia sababu ya kihistoria: baada ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilichukuliwa na serikali, na wapo wanaoishi humo kama wapangaji tangu enzi za babu zao huku wakijiita wenye nyumba. Sheha wa shehia atakusaidia kujua nani anatambulika pale, lakini barua ya sheha peke yake haikupi umiliki. Mauziano yenyewe hupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na pahala pake ni mbele ya wakili uliyemchagua wewe. Wa dalali mwachie dalali.

Usichukie urefu wa safari hii, hata Mtaliano lazima aipite. Mgeni hapewi haki ya matumizi ya ardhi kama Mzanzibari. Yeye hupitia ukodishaji au utaratibu wa uwekezaji, na kwa nakala yenye jina la marehemu hafiki mbali. Ikiwa yupo kweli, haraka yake haiwezi kuwa kubwa kuliko yako.

Sasa ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu "rangi ya kupiga upya" ndilo neno lililonitia wasiwasi kuliko yote.

Kuta za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake sentimita 50 au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji na huyatoa. Mvua ikipiga unalowa, kaskazi ikivuma unakauka, na umeishi hivyo zaidi ya karne moja. Ukiufunika kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji yanayoingia kwa juu au kwa bomba hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mawe, na chumvi hiyo ikifika chini ya rangi inaganda na kuisukuma nje. Ndio uvimbe uliouona. Piga rangi upya na baada ya masika moja utarudi palepale.

Rangi ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni boriti. Upana wa mita 2.8 unakwambia sakafu na dari vimelala juu ya boriti za mikoko, maana vyumba hivyo hufuata urefu wa mti. Ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta, na ukuta uliofungiwa maji unaozesha ncha kwanza, pahala ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba mti unaonekana mzima kabisa. Chukua fundi aliyezoea nyumba za mawe, si wa matofali tu, aje na bisibisi ndefu. Aichome boriti karibu kabisa na ukuta, hasa upande wa bafu, na aombe ruhusa kwa kijana wa ganuni aziangalie boriti za sakafu yako kutokea chini. Bisibisi ikizama sentimita moja bila nguvu, boriti hiyo imekwisha. Atafute na njia za mchwa. Kisha asimame uchochoroni autazame ukuta wa nje kama umetoa tumbo.

Bafu lenyewe liliongezwa, jipsamu inalisema hilo. Uliza bomba la choo linapita wapi mpaka kwenye karo, na maji ya sakafuni yanatoka vipi. Sakafu za asili ni mawe madogo na chokaa iliyopigwa juu ya boriti, nzito tayari. Mtu akimwaga zege, akabandika vigae na kuweka tangi la lita 1,000 (likijaa ni tani moja), uzito wote umeangukia miti ile ile iliyoanza kulowa. Penye ufa juu ya mlango au dirisha, mwambie fundi abandike kiraka chembamba cha jasi kukatisha ufa na aandike tarehe. Kiraka kikipasuka baada ya mvua kubwa, ukuta bado unatembea. Na ukiweza, usinunue kabla hujakiona chumba katika mwezi wa Aprili.

Unaweza kutengeneza? Ndiyo, kuta hizi husamehe mengi. Hufungwa kwanza njia ya maji, hubanduliwa saruji yote, ukuta huachwa upumue. Ukuta mnene hivyo unaweza kuchukua mwaka na zaidi kukauka kabisa. Kisha hupigwa plasta ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, fungu 1 la chokaa kwa 3 za mchanga usio wa pwani, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikiwekwa unyevu siku kadhaa isikauke kwa pupa. Fundi akiharakisha, inapasuka, halafu watu husema chokaa haifai. Kazi hiyo, na kubadilisha boriti, na hata kugusa dirisha, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa kuwa eneo lote ni la hifadhi na limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Omba uoneshwe kibali cha lile jiko na bafu. Kama hakipo, unaweza kuwa unanunua na kosa la mwenzio.

Na hapo hujafika kwenye paa. Nani hulipa likivuja? Katika nyumba ya warithi wasioelewana, paa ndilo la kwanza kukosa mwenyewe, na wewe uko juu. Beit al-Ajaib, jengo lililojulikana kuliko yote mjini, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili walifariki. Sikutii hofu. Nataka tu swali la paa liwe ndani ya mkataba: nani anachangia, fungu gani, na asiyechangia afanywe nini.

Tukija kwenye pesa, milioni 85 si bei yote. Wakili, ada za uhamisho, fundi wa kukagua, mita yako ya umeme, ukuta, boriti mbili tatu. Ukitoa milioni 60 zote na kukopa 25, siku paa likivuja huna hata ya bati. Benki nayo, iwe kwa mkopo wa kawaida au kwa murabaha (benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida), itataka dhamana yenye hati. Benki ikikataa kukipokea chumba hicho kuwa dhamana, umepata ushauri bora kuliko wangu bila malipo. Na ukiamua kuendelea, arbuni iwe ndogo, ikae kwa wakili, na iandikwe kwamba inarudi yote kama warithi wote watano na mama yao hawakutia saini au kama nyumba itaonekana ni wakfu. Muuzaji mwenye nia njema atanung'unika, lakini atakubali.

Kuhusu watalii, umelisema haraka haraka kama mlango wa dharura. Kuwalaza wageni kunahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii, wageni hupungua sana wakati wa masika, na hutakuwa na pahala pa kuweka cherehani chumba kikiwa na mgeni. Utarudi kushonea ukumbini kwa mama huku ukilipa deni. Sijui kama hilo ndilo unalolitaka.

Nikuulize kwa upole: una hakika kaka yako anaona aibu? Inawezekana. Inawezekana pia anaogopa kwamba likiharibika, yeye ndiye atakayebeba, na hajui kulisema ila kwa ukali. Mchukue siku ya kwenda na fundi. Aone nyufa na aone meza ilipo moyoni mwako. Na kiwanja cha rafiki yake kipitie chujio lile lile: usajili, jina la nani, mipaka, warithi. Viwanja vinauzwa mara mbili, na rafiki wa kaka si hati. Milioni 28 ni ya ardhi tu, bado msingi, maji, umeme, na safari ya kila siku kupeleka mikoba Hurumzi. Ardhi Fuoni haikupi meza kesho, ila kwa polepole inakupa kitu ambacho mrithi wa mtu hakidai, ikiwa karatasi ni safi.

Binti yako hukumtaja tena baada ya mstari wa kwanza. Ana miaka 14. Mita za mraba zisizofika 20 zenye jiko, cherehani, vitanda viwili na mlango mmoja, akiwa na miaka 17 atasomea wapi, atabadilishia nguo wapi, rafiki zake wataketi wapi? Pengine ameshafikiria na anapapenda kuliko wewe. Muulize. Na mama, suala la ngazi si dogo. Ngazi za nyumba hizo ni ndefu na nyembamba, na swali lake huenda lilikuwa la magoti, huenda lilikuwa la kuachwa. Keti naye usikie ni lipi.

Nilisema haja ya kwanza inaweza kujibiwa bila kununua. Kuna wauzaji wanaokubali kupangisha mwaka mmoja kwa mkataba, kodi au sehemu yake ikihesabiwa ndani ya bei endapo mtauziana. Hata kwa kupanga, mkataba uwe na saini za warithi wengine, usije ukafukuzwa na ndugu. Kwa njia hiyo utakiona chumba masika na vuli, utajua ukuta ule unafanya nini, utamjua mpiga ganuni anaanza saa ngapi, na familia yao itapata muda wa kufungua mirathi. Hatari yake ni kwamba mwaka ukiisha wanaweza kubadilisha bei au nia, ndiyo maana bei iandikwe tangu mwanzo. Njia nyingine ni kupanga chumba cha kazi tu, hata cha chini, na kuendelea kulala Kikwajuni mpaka binti amalize skuli. Haina utamu wa kumiliki, lakini akiba yako inabaki nzima.

Ukienda kumuona muuzaji wiki hii, usianze na bei. Mwambie unataka kukutana na mama yake na ndugu zake siku moja, wote waliopo Unguja, na walioko nje kwa simu. Angalia anavyopokea ombi hilo, kisha niandikie waliyosema.